Majirani Visiga: kuna mtu getini kwa Mama Zuu

*Saa 4:52 usiku*

Mama Zuu: Jamani mliomacho, kuna mtu ananigongea geti simjui. Baba Zuu yuko safari nipo na watoto tu. Anasema gari limemharibikia pale lami anaomba maji

Baba Neema: USIFUNGUE

Baba Neema: Narudia mama usifungue, hiyo ya kuomba maji ndo gia yao

Salma Duka: Yuko mmoja au wako wengi?

Mama Zuu: Ninayemuona ni mmoja, nachungulia dirisha la jikoni. Kavaa koti refu na kofia, mvua imemlowesha anatetemeka. Halafu kiswahili chake sio cha huku, anasema mayi ya motokari, nimemuuliza mara mbili. Nimemwambia asubiri mume wangu anavaa

Mama Zuu: Anaomba na simu apige, ya kwake imezima

Salma Duka: Simu usimpe kabisa dada yangu. Mwambie akutajie hiyo namba uipige wewe ukiwa ndani, weka loudspika asikie hapo hapo nje. Ukishampa mkononi ndo imeenda na hela zako zote zilizomo

Baba Neema: Mmeshasahau ya kwa Mama Frenki? Walikuja hivi hivi, gari limekufa tunaomba kusukumwa, vijana wakatoka na roho zao nzuri wakasukuma, huku nyuma wenzao wamezoa tv, mtungi wa gesi na pikipiki. Sio hadithi hiyo, ni mwaka huu

Kelvin Boda: Hilo gari mi nimelipita kama saa tatu hivi nikitoka Mlandizi. Noah nyeusi, taa zimezimwa na HAINA PLETI NAMBA. Kusema kweli niliogopa nikaongeza mwendo

Baba Neema: Basi mnataka nini tena. Gari halina namba, usiku, mvua, mtu haeleweki anachoongea. Mi nasema tupige filimbi mtaa mzima utoke tumkamate kabla hajaita wenzake

Dogo Rama: Filimbi ninayo hapa bro, niipige?

Mwl Mazengo: HAPANA. Rama weka chini hiyo filimbi. Mtu yeyote asipige yowe tafadhali

Mwl Mazengo: Naomba mnisikilize hata kama nawachosha. Mimi kwetu ni Mvumi, wilaya ya Chamwino kule Dodoma. Mwaka 2016 mwezi wa kumi, kijiji cha Iringa Mvumi, waliuawa watu watatu, watafiti wawili wa kilimo kutoka kituo cha Selian Arusha pamoja na dereva wao. Walikuja kuchukua sampuli za udongo. Wakaonekana na gari geni, ikasemwa hawa ni wanyonya damu, yowe likapigwa, na yowe likishapigwa hakuna tena anayeuliza wewe ni nani umetoka wapi. Waliuawa pale pale na gari likachomwa moto. Watumishi wa serikali wako kazini. Nawafahamu watu wa maeneo yale, ni watu wa kawaida kama mimi na nyie, wanalima, wanasali, wana watoto. Sasa mkipiga filimbi saa hizi watatoka watu na mapanga na matofali na hakuna atakayesoma hizi meseji kwanza. Baba Neema hofu yako naielewa kabisa na mama asifungue geti peke yake, hapo tuko pamoja. Ila yowe hapana

Baba Neema: Mwalimu sijasema auawe

Mwl Mazengo: Najua hujasema. Hata kule ukiuliza hakuna aliyesema

*Saa 5:03 usiku*

Shabani Clearing: Ndo naamka naona meseji. Kelvin, kwenye kioo cha mbele haikubandikwa karatasi?

Kelvin Boda: Kuna kitu cheupe kilikuwepo ila sikusoma kaka

Shabani Clearing: Hiyo ni gari ya IT, yaani in transit, inapita tu nchini. Ndo kazi yangu hii. Gari inashuka bandarini Dar inaenda Kongo au Zambia au Malawi, haisajiliwi hapa kwetu kwahiyo haiwezi kuwa na pleti kama zetu. Zinapita barabara hii hii kila siku, Morogoro, Iringa, Mbeya, Tunduma, zinavuka Zambia mpaka Kasumbalesa ndo unaingia Kongo. Na mayi ya motokari ndo wanavyoongea kule Katanga, mteja wangu mmoja wa Lubumbashi ndo anavyoniambia kila siku

Shabani Clearing: Mama Zuu muulize ukiwa huko huko ndani, anaenda wapi na dereva yuko wapi, maana hizi gari kwa kawaida zinaendeshwa na madereva wetu

Mama Zuu: Kasema Lubumbashi!! Yeye ndo mwenye gari, dereva kaenda Mlandizi na bodaboda tangu magharibi kutafuta paipu hajarudi, kamwachia gari. Namba ya huyo dereva kaiandika kwenye karatasi, anaisoma hapo hapo

Baba Neema: Na mwizi naye angejibu hivyo hivyo

Mama Neema: Mimi ninachoogopa ni kingine. Tunasikia kila siku wahamiaji haramu wanapitishwa Pwani hii kwenye magari wanaenda Sauzi. Ukimuingiza ndani akakutwa hana vibali, Uhamiaji hawatakuuliza kama ulikuwa unamwonea huruma. Unashtakiwa na wewe

Shabani Clearing: Hilo ni kweli Mama Neema. Ndo maana asiingie kwa mtu. Mwenye gari anatakiwa awe na pasipoti imegongwa mhuri na karatasi za transiti, na kwenye hizo karatasi kuna namba ya chesesi. Namba ya chesesi inasomeka kwenye gari lenyewe, unalinganisha tu. Zikiendana ujue gari ndo hilo hilo la kwenye karatasi

Salma Duka: Mama Zuu nitumie hiyo namba ya dereva napiga mimi. Na usimtajie chochote huyo wa getini

Mjumbe Mzee Kondo: Habari za usiku. Nimesoma yote. Nimepiga 112 nimewaeleza, wamesema doria iko upande wa Chalinze ikirudi itapita. Sasa. Mama Zuu funga mlango wa nyuma, taa ya nje iwashe, kaa ndani na wanao. Shabani, mwalimu, Fundi Side, Rama, tukutane kwangu dakika tano, twende kwa pamoja na tochi. Mapanga na marungu yabaki nyumbani. Rama umesikia?

Dogo Rama: Nimesikia mzee

Baba Neema: Na mimi nakuja. Sikubaliani lakini siwezi kuwaacha muende bila mimi. Nitasimama upande wa nyuma kwa Mama Zuu niangalie ukuta wakati nyie mnaongea nae

Mjumbe Mzee Kondo: Sawa kabisa baba, hiyo kazi inatakiwa

Salma Duka: NIMEMPATA DEREVA. Yuko Mlandizi kweli, maduka ya spea yamefungwa na boda wanakataa kutoka na mvua hii. Sikumwambia kitu, nikamuuliza gari gani na umemwacha nani, kasema Noah nyeusi ya IT, kataja jina la mwenye gari. Mama Zuu hebu muulize huyo anaitwa nani

Mama Zuu: Papa Ilunga

Salma Duka: Ndo huyo huyo

Mama Zuu: Alhamdulillah. Nawaona mnakuja na tochi

*Saa 5:40 usiku*

Mama Zuu: Mbona kimya jamani? Wameondoka wote kuelekea lami

Mama Neema: Hata huku Baba Neema hashiki simu. Nimekaa tu hapa

Mama Zuu: Zuu kaamka anauliza kuna nini, nimemwambia kuna mgeni kaharibikiwa

*Saa 6:05 usiku*

Shabani Clearing: Samahani mvua, simu nilifunga kwenye mfuko. Karatasi nimeziona, pasipoti ina mhuri, chesesi nimelinganisha herufi kwa herufi inaendana. Gari ni lake

Fundi Side: Hozi ya rejeta imepasuka, imemwaga maji yote. Tena anasema gari lilipokufa alitaka kufungua mfuniko ikiwa bado ya moto, ingemchoma uso mzima. Kuongeza maji tu isingesaidia maana yangetoka yote, kesho nitapita Mlandizi mapema nimtafutie hozi

Mwl Mazengo: Kitu ambacho kimenitisha ni lile gari lilivyokaa. Robo yake iko kwenye lami, betri imekwisha ndo maana taa zilikuwa zimezima, hakuna hata pembetatu nyuma. Tulivyofika tu semi imepita ikakwepa kwa kupiga honi ndefu. Rama kakimbia kukata matawi tukayapanga nyuma kwa umbali, halafu tumelisukuma wote mpaka sheli, kule kuna taa na mlinzi. Mgeni atalala humo ndani ya gari lake

Mwl Mazengo: Na jamani alivyotuona tunakuja kundi zima na tochi alinyanyua mikono juu. Alidhani tumekuja kumpiga. Mzee Kondo akamsalimia akampa mkono, ndo akashusha

Mama Zuu: Nimelia hapa

Mama Zuu: Nina chai kwenye chupa na maandazi ya jioni, nani yuko karibu ampelekee?

Kelvin Boda: Naja kuchukua mama. Mimi ndo nilimpita saa tatu, acha nipeleke

*Saa 3:20 asubuhi*

Fundi Side: Hozi imepatikana Mlandizi, dereva nae nimerudi nae. Tumefunga, tumeweka maji, betri tumeibusti, imewaka. Wameshaondoka. Anasema ahsanteni sana, alitaka kumpa Mzee Kondo hela mzee akakataa, ya hozi na ufundi kalipa

Mama Neema: Mungu awafikishe salama

Baba Neema: Nashukuru imeisha vizuri, nasema kwa moyo. Lakini msimamo wangu uko pale pale, mwingine atakuja na karatasi za kughushi na dereva wa kupangwa kwenye simu, na sio kila usiku Shabani atakuwa macho. Mama yuko peke yake na watoto, hilo ndo tulitafutie dawa

Mwl Mazengo: Hapo sina ubishi na wewe. Na ndo maana nataka tukubaliane kabisa, nani anapigiwa kwanza, nani anatoka, na filimbi inapigwa kwa ruhusa ya nani. Jana tulibakiza kidogo tu

Salma Duka: Na tununue pembetatu mbili za akiba zikae dukani kwangu, matawi usiku hayaonekani vizuri

Mjumbe Mzee Kondo: Jumapili saa kumi jioni kwangu, tupange zamu za ulinzi na hayo mengine. Baba Neema utaanza kuongea wewe. Rama filimbi njoo nayo uikabidhi

Dogo Rama: Sawa mzee