Tupeane uzoefu: kufungua siti ya pikipiki na vifaa unavyotembea navyo

Wakuu, habari zenu. Uzi huu ni wa wale wanaopanda pikipiki kila siku. Tuambiane siti ya chombo chako inafunguliwaje, na njiani unabeba spana zipi na unaziweka wapi.

Naanza mimi. Siti yangu imeshikwa na bolti mbili za spana namba 12 kwa nyuma, kila upande moja. Mbele kuna ulimi unaoingia chini ya kibanio karibu na tangi. Ukishatoa bolti usiinyanyue moja kwa moja, ivute kwanza nyuma kidogo. Kichekesho ni kwamba mfuko wa vifaa vya kiwandani ulikuwa chini ya siti hiyohiyo. Yaani spana ya kufungulia siti imefungiwa ndani ya siti! Fyuzi ikiungua njiani utabaki kuipapasa siti tu. Aliyepanga hivyo naamini hajawahi kusukuma pikipiki. Namba 12 yangu nimeihamisha, nimeifunga kwa mpira wa tyubu kwenye bomba la chasisi nyuma ya kava la pembeni, ambalo linatoka kwa mkono. Nyie je?

Kipanga wa Lami
Umegusa penyewe mkuu. Mimi natumia skuta, siti inafunguka kwa ufunguo, kwa hiyo spana siyo shida. Shida ni kebo inayovuta ndoano ya siti. Ikianza kulegea, unazungusha ufunguo lakini siti imegoma. Dawa yake, mtu aikandamize siti kwa nyuma, pale juu ya kitasa, huku wewe unazungusha. Ikishuka kidogo ndoano inapata nafasi na kuachia. Ukiwa peke yako tumia goti. Halafu msiache ufunguo ndani, siti hizi ukizibamiza zinajifunga zenyewe.

Bwana Fyuzi
Nina kisa cha pikipiki ya binamu yangu. Akiwa peke yake anazunguka kutwa nzima bila tatizo. Akipakia abiria, tuta la kwanza tu, chombo kimezima, fyuzi imekwenda. Fundi wa kwanza akambadilishia betri. Wa pili akasema rektifaya, kile kifaa cha kugeuza umeme wa kuchaji betri. Mwingine akamshauri atoe fyuzi, aunge kipande cha waya wa shaba, yaishe.

Tukaifungua siti, tukaigeuza juu chini. Ile plastiki ya chini ina vifundo vya mpira vinavyokaa juu ya chasisi ili siti isigonge chuma. Kimoja hakipo. Usawa wake, kwenye plastiki, kuna mstari unaong'aa kwa kusuguliwa. Kwenye chasisi, usawa uleule, waya wa taa ya nyuma umelala umebonyea bapa, ganda limepasuka, shaba iko nje, na rangi ya chuma imepata kidoa cheusi cha cheche. Abiria akikaa siti inashuka, waya unagusa chuma, basi.

Tuliuzungushia tepu, tukausogeza ndani ya mkunjo wa chasisi na kuukaza kwa kamba ya plastiki, kisha tukakata kipande kinene cha mpira kuziba nafasi ya kifundo. Fyuzi tukarudisha ileile ya ampea 15. Kile kipande cha shaba kingewekwa, ingeungua nyaya yenyewe, chini ya makalio ya abiria.

Mleta uzi
Inaungua ukipakia tu! Hiyo ningetafuta mpaka kesho. Na betri maskini ilionewa.

Fundi wa Kivulini
Niongezee kwa upande wa bolti. Nati ya siti kwenye pikipiki nyingi imechomelewa kwenye chasisi. Bolti ikishika kutu ukailazimisha, nati inabanduka na kuzunguka pamoja nayo, na hapo ni kukata. Ikigoma, weka mafuta ya kulainisha kutu, subiri, igonge kichwani taratibu, kisha kaza kidogo kabla ya kulegeza. Kurudisha, anza kwa vidole hadi uzi wa bolti ushike, spana ije mwisho. Vile vibushi vidogo vya chuma kwenye tundu za siti msivipoteze. Bila hivyo ukikaza unapasua plastiki, ukilegeza siti inacheza.

Na kama umefungua siti ili utoe betri, anza na waya wa hasi. Chasisi kwa kawaida imeungwa na hasi, kwa hiyo spana ikiwa kwenye chanya halafu ikagusa chuma cha pembeni utaona moto. Kurudisha, hasi inakuwa ya mwisho.

Dada wa Gia
Mimi nina kitambaa cha turubai kilichoshonwa vifuko, kila kifaa na chumba chake, kinakunjwa na kufungwa kamba. Ndani kuna spana 8, 10, 12, 14, ya nati ya ekseli, ya plagi, bisibisi ya kugeuza ncha, plaizi, fyuzi za akiba, tepu na kiungio cha mnyororo. Magurudumu yangu ni ya spoku, kwa hiyo kuna tairi liva, viraka, solusheni na pampu ndogo.

Spana ya plagi hakikisha ni ya kwako. Plagi ya uzi wa milimita 10 mara nyingi inataka spana 16, ya milimita 12 inataka 18. Nimeshamwona mtu yuko kando ya barabara na begi zima la vifaa, hiyo moja tu ndiyo haiingii.

Na chini ya siti msitupie chuma kitupu jirani na betri. Mtikisiko utakisogeza mpaka kifike kwenye vichwa vya betri.

Kobe Mwendokasi
Mbona mnahangaika, mimi zote ziko kwenye begi mgongoni.

Dada wa Gia
Kaka, siku ukianguka chali, spana zitakuwa katikati ya lami na uti wa mgongo wako. Zishushe kwenye keria, zifunge zisicheze.

Kobe Mwendokasi
Sawa dada, hapo sina la kujibu. Ila swali: nikirudisha siti, nitajuaje ule ulimi wa mbele umeingia?

Fundi wa Kivulini
Kabla ya kukaza bolti, shika siti kwa mbele, pale inapokutana na tangi, uvute juu kwa nguvu. Ikinyanyuka, ulimi umekaa juu ya kibanio.

Kobe Mwendokasi
Nimeijaribu yangu, imetoka kwa fundi jana. Inanyanyuka.