Tupeane uzoefu: siku ya maandamano, kazi yako ilikwendaje?

Nyar Kibuye
Nauza nyanya na mboga soko la Kibuye, hapa Kisumu, tangu kabla ya Katiba ya 2010, kwa hivyo maandamano nimeyaona ya kila aina: ya kura, ya unga, ya walimu, ya ushuru. Mtu akiwa mbali na tairi linalowaka ni rahisi kuandika "haki yetu", na aliye mbali na duka lililofungwa naye anaandika "wahuni". Naomba waliokuwa karibu ndio waeleze. Uliumia wapi, ulifaidika wapi, na ni usumbufu gani uko tayari kuubeba? Siasa za vyama zina mahali pake, si hapa.

Nianze. Mwaka 2023 maandamano ya upinzani yalikuwa Jumatatu na Alhamisi. Yalianza Machi 20, yakasimama mwanzoni mwa Aprili, Julai yakarudi kwa siku nyingine. Watu hudhani hasara ni ya ile siku yenyewe tu. Kibuye siku kubwa ni Jumapili, na kinachobaki tunakimaliza Jumatatu. Jumatatu ikifungwa, nyanya inalala kwenye kreti kwa joto hili la Kisumu, na Jumanne unaiuza kwa bei ya kutupa. Aliyenikopesha hajui Jumatatu wala Alhamisi, yeye anajua tarehe. Chama chetu cha kuweka akiba nacho kinangoja mchango wake.

Lakini niseme jambo ambalo wengi wenu hamtalipenda: zile Alhamisi zilinipata nikiwa tayari. Nilijua, nikapunguza mzigo, nikabaki na vitunguu ambavyo havina haraka. Zilizonimaliza ni siku ambazo hakuna aliyeambiwa kitu. Umepanga meza, saa nne unaona watu wanakimbia kutoka upande wa Kondele, kwenye makutano ya barabara, na hujui kama urudishe mali au uiache uokoe miguu.

Jatuk
Mama, kusema kweli siku hizo sisi wa tuktuk hatukulala njaa. Matatu zikisimama, watu wanatafuta sisi na boda. Unapachika matawi ya miti mbele ya kioo, vijana wanakuona uko nao, unapita. Shida si wa mchana, shida ni wale wa jioni. Mchana wanaimba. Saa kumi na moja waliobaki kwenye mawe hawana bango wala wimbo, wanakwambia "toa ya maji". Hayo si maandamano, hiyo ni ajira ya mtu.

Mwalimu wa Luanda
Na nauli je, Jatuk? Siku hizo ilikuwa ile ile?

Mitumba Nakuru
Mimi niko karibu na Kenyatta Avenue, huku kwetu Nakuru. Juni 2024, vijana walipoandamana kupinga Mswada wa Fedha, nilifunga asubuhi kwa woga. Mchana nikafungua nusu mlango, nikauza maji na leso za kufunika pua kuliko nilivyouza shati wiki nzima. Walilipa kwa simu, mmoja mmoja, na chupa wakaokota. Tarehe 25, habari za waandamanaji kuvamia Bunge zilipoingia, hewa ilibadilika, na hapo sikungoja kuambiwa, nilivuta mlango nikaenda zangu.

Nimesumbuliwa, ndiyo. Lakini ule Mswada wa Fedha ulitaka mkate utozwe VAT ya asilimia 16 na gari lilipiwe ushuru wa asilimia 2.5 kila mwaka. Yote mawili yaliondolewa Juni 18, siku watu walipoanza kujaa barabarani. Juni 26 Rais akasema hatautia saini mswada wote. Maoni ya kuandika na kupeleka bungeni yalikuwa yamepelekwa kwa wingi kabla ya hapo. Sasa anayesema waandamane mahali ambapo hawamsumbui mtu aniambie nani angegeuka kuwatazama. Huko ni kutembea kwa ajili ya afya.

Mwenye Hadiwea
Mitumba, wewe uliuza maji. Mimi nilivunjiwa.

Nina duka la vifaa vya ujenzi, mtaa sitautaja. Walioingia sikuona hata mmoja mwenye bango. Walijua mabomba yako wapi, walijua nyaya za shaba ziko wapi. Nilipoenda kwa bima nikaambiwa niliyolipia ni ya moto na wizi, ghasia za kisiasa zina bima yake kando na malipo yake kando. Angalieni makaratasi yenu leo, msingoje. Haki ya kuandamana sijaikataa, baba yangu mwenyewe alikimbizwa na farasi wa polisi enzi za Saba Saba, yale maandamano ya 1990 ya kudai vyama vingi. Ila ile ya kuingia dukani kwangu sijaisoma popote. Na kila nikisema hivi naambiwa mimi ni wa serikali.

Sista wa Zamu
Pole sana, Mwenye Hadiwea.

Nafanya kazi hospitali moja hapa Kisumu. Wa risasi na wa kitoa machozi mnawaona kwenye habari. Mimi nataka kuwataja wasiohesabiwa. Mgonjwa wa sukari aliyeishiwa na insulini. Mama mjamzito ambaye kliniki yake ni Jumatatu. Wa dialisisi ndiye ananitia hofu zaidi, kwa sababu siku zake zimepangwa na hana pa kuzisogeza: akikosa, maji yanajaa mwilini, potasiamu inapanda, moyo unavurugika.

Sasa angalieni mahali penyewe. Kondele iko jirani na Russia, hospitali ya rufaa ya eneo hili lote. Ukifunga Kondele umemfungia mtu wa Vihiga na wa Kakamega, si wa mtaa wa Manyatta peke yake. Nimeona vijana wakisogeza mawe kwa mikono ili ambulensi ipite, wakashangilia kama timu imefunga bao. Nimeona pia ambulensi ikirudishwa kwenye kizuizi cha askari, eti njia si salama. Kwa hivyo msinipe jibu rahisi la nani mbaya.

Halafu ambulensi ndiyo nafuu, ina king'ora. Wagonjwa wetu wengi huja kwa boda. Boda ikibeba mtu aliyefunikwa leso nani atajua ni mgonjwa? Mmoja alitoa kadi ya kliniki akaiinua juu njia nzima, ikamfikisha.

Tulichojifunza kazini: wa zamu ya usiku haondoki hadi mwenzake aingie, na wa kliniki tunawapigia simu jana yake waje mapema au wabadilishe siku. Lakini hiyo "jana yake" inatoka wapi kama hakuna aliyetangaza? Hapo niko na Nyar Kibuye. Wapo wenzangu wanaotaka maandamano yapigwe marufuku kabisa karibu na hospitali. Huwa nawakumbusha mgomo wa madaktari wa 2024, kuanzia Machi hadi Mei, siku 56. Wao walikuwa wapi na filimbi zao?

Mwalimu wa Luanda
Hata sisi walimu, kwenye mgomo wetu wa mwisho wa Agosti 2024, tulibeba matawi. Mzazi mmoja akaniuliza kwa nini watoto walipe deni la serikali. Sikuwa na jibu la kumridhisha na bado sina.

Karani wa Korti
Niingize sheria kidogo, kwa sababu inazungumzwa kama haipo. Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko, kwa amani na bila silaha. Sheria ya Utulivu wa Umma nayo inataka notisi kwa OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, si chini ya siku 3 wala si zaidi ya 14 kabla, iseme saa (kati ya kumi na mbili asubuhi na kumi na mbili jioni) na mahali au njia. Notisi, siyo ruhusa. Leseni ya kuomba ilikuwa zamani, iliondolewa na mageuzi ya IPPG, yale makubaliano ya wabunge wa vyama vyote ya 1997. Akishapokea, sababu ya OCS kusema hapana ni kwamba wengine wamemtangulia kwa siku, saa na mahali pale pale.

Sasa sikilizeni hili, Mama na Sista. Sheria hiyo hiyo inasema kituo kiweke rejista ya notisi hizo, na mwananchi yeyote anaweza kuiona saa za kazi.

Nyar Kibuye
Rejista? Ningeomba niione kituo gani? Mimi nikienda kituoni naulizwa nimekuja kumtolea nani dhamana.

Karani wa Korti
Ndivyo ilivyoandikwa, Mama. Nenda na mwenyekiti wa soko, msiende mmoja mmoja.

Mitumba Nakuru
Karani, umesahau kusema kwamba notisi inataka pia jina kamili na anwani ya mwandalizi. Juni 2024 vijana walikuwa wanachukuliwa manyumbani usiku na watu wasiovaa sare. Nani angeandika anwani yake kwenye karatasi na kuipeleka kituoni kwa mkono wake? Na wale hawakuwa na mwandalizi, walikuwa na simu.

Karani wa Korti
Hilo siwezi kulipinga.

Nyakwar Nyalenda
Nimesoma yote. Mnazungumza kuhusu usumbufu wa barabara. Agosti 2017 baada ya matokeo ya urais kutangazwa, huku mtaani Nyalenda, Kisumu, polisi waliingia na usumbufu ulitufuata ndani ya nyumba. Mtoto wa miezi 6 alipigwa rungu mikononi mwa mama yake, akafa hospitalini. Hakuwa kwenye maandamano. Mahakama ya hapa Kisumu ikachunguza, na 2019 ikasema polisi wana lawama. Machi 20, 2023, mwanafunzi wa Maseno akapigwa risasi. Nikisikia mtu wa runinga akisema "biashara zilikatizwa" huwa nazima.

Mwenye Hadiwea
Nakupa pole, ndugu yangu. Hilo halilingani na nyaya zangu na sitalilinganisha.

Nyar Kibuye
Nimesikia wote. Jina la mwandalizi silihitaji, wala anwani yake. Nataka saa na njia tu. Vijana wana simu, wakitaka tisheti za rangi moja wanakubaliana usiku mmoja. Basi wakubaliane pia: tutapita hapa, saa fulani tutakuwa tumemaliza, upande mmoja wa Kondele utabaki wazi kwa wanaokwenda Russia. Wakituma kwa viongozi wa soko, hatutaipeleka kituoni. Nitafunga kwa hiari yangu na labda nitawaletea maji. Wakinikuta nimepanga meza bila habari, watanisikia.

Sista wa Zamu
Upande mmoja wazi ningeuchukua hata leo. Kadi ya kliniki juu, boda inapita, hakuna maswali.

Mwalimu wa Luanda
Jatuk bado hajajibu la nauli.

Jatuk
Mwalimu, siku hizo petroli ilikuwa imepanda.

Mwalimu wa Luanda
Ikapanda saa tatu asubuhi, ikashuka saa kumi na mbili jioni?