Dodoma ni kwetu, halafu sisi ndio tunaoulizwa "wewe kabila gani?"

Wakuu, leo sitaandika kistaarabu. Anayetaka uzi wa upole apite tu.

Swali la kabila halinisumbui likitoka kwa bibi wa kule Mvumi anayetaka kujua ukoo wangu kabla hajanisogezea ugali wa uwele na mlenda. Yule anatafuta undugu, na akimaliza kuhoji lazima atanipata shangazi nisiyemjua. Linanisumbua likitoka kwa mtu aliyeshika ufunguo wa chumba au faili la ajira, tena mara tu baada ya mimi kufungua mdomo. Huyo ameshasikia ninavyovuta maneno, ameshajijibu mwenyewe, na anachotaka ni nikiri.

Nimefanya usaili kwenye ofisi moja hapa mjini, sitaitaja. Kazi ya kaunta, kuhudumia wateja. Maswali ya kazi nimejibu yote. Dada mmoja wa makamo akafunga karatasi zake, akatabasamu: "Mdogo wangu, wewe Mgogo eeh?" Nikasema ndiyo dada, wa Mvumi. Wakacheka. Si kicheko cha matusi, ni kile cha mtu ambaye ameshakupunguza na anataka mbaki marafiki. Mwenzake akadakia: "Sasa kwa lafudhi hiyo wateja watakuelewa?"

Wateja gani, jamani? Nje kwenye foleni walikuwa wamejaa kina mama wa Bahi na Chamwino. Mmoja Kiswahili kilikuwa kinampiga chenga, na aliyekuwa anamtafsiria ni mlinzi wa getini, kwa Kigogo, bila senti ya ziada. Kwa hiyo lafudhi yetu getini inafaa, kaunta haifai! Na mzee wa tatu pale mezani, aliyekuwa anatikisa kichwa kukubaliana nao, "r" na "l" zake zilikuwa zinabadilishana viti kila sentensi. Hakuna aliyemuuliza kwao wapi. Ana cheo.

Maana tukianza kupimana usafi wa Kiswahili, wengi hatutabaki. Hiki tunachokiita sanifu msingi wake ni Kiunguja, kilichochaguliwa kwenye mkutano wa Mombasa mwaka 1928, na kamati ya kukisanifu ikaanza kazi 1930. Msukuma, Mchaga, Mhaya, Mnyakyusa, Mkurya, wote tuliozaliwa bara tunakitamka kwa ulimi wa nyumbani. Sasa kwa nini lafudhi ya mmoja inaitwa "utamu" na ya mwingine inaitwa "tatizo"? Kwa sababu kinachopimwa si matamshi. Ukisikika Mgogo, mtu anaona ombaomba wa Dar. Ndiyo picha aliyonayo kichwani, na ameibeba mpaka Dodoma alipohamia na serikali.

Hiyo picha nayo ina historia, ila wanaocheka hawana muda nayo. Ugogo ni nchi kame, sawa. Lakini ile njaa ya Mtunya, ya mwaka 1917 hadi 1920, haikuletwa na ukame peke yake. Kwenye Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo, wakaja Waingereza wakachukua tena, halafu mvua nayo ikagoma. Watu walikufa kwa maelfu, wengine wakatawanyika kutafuta chakula. Leo kijana aliyefika hapa na basi la wizara ananitania eti sisi tumezaliwa na bakuli mkononi.

Najua mtakuja na "ni utani tu, mkuu". Hebu tuheshimu utani basi. Wahehe na Wangoni walipigana vita kweli karne ya 19, leo ni watani. Lakini mtani ana wajibu: anakuja msibani kwenu, anafanya kazi pale, anakutukana na wewe unamrudishia mbele za watu bila kuogopa. Mimi ningemrudishia yule dada wa usaili? Nikiwa nimevaa shati la kuazima na namuomba kazi? Utani wa upande mmoja ni dharau iliyovaa kanga.

Kuna jamaa yangu wa Kwa Mtoro, wilaya ya Chemba. Msandawe. Huyu yake ndiyo inaniuma kuliko yangu. Lugha yao ina zile sauti za kubofya ulimi, na hapa Tanzania wenzao wa kuzitumia hivyo ni Wahadzabe. Kila akitambulishwa mahali, iwe kikao, iwe harusi, anaambiwa "hebu toa kidogo tusikie". Mtu ana shahada! Amekaa na wahasibu wenzake, anaagizwa alize ulimi kama kengele ya baiskeli. Siku hizi akiulizwa anasema yeye ni Mrangi wa Kondoa ili yaishe.

Na tusijifanye malaika, hata sisi wenyeji. Wahindi wa Uhindini hapa, ambao babu zao walifungua maduka zama za reli ya Mjerumani, bado tunawaambia "kwenu India". Wabarabaig tunawaita Wamang'ati mbele ya uso wao na kushika mikoba yetu. Huo ni ubaguzi na mimi sitauchuja kwa sababu tu wanaoufanya ni ndugu zangu.

Mnakumbuka Novemba 2022, pale Buckingham, ikulu ya mfalme wa Uingereza? Ngozi Fulani, mwanamke mweusi aliyezaliwa Uingereza, alibanwa na Lady Susan Hussey ataje anatoka wapi hasa, akijibu anaulizwa tena. Mama yule wa ikulu akaomba radhi na kuachia nafasi yake. Mitandaoni huku kwetu watu walichemka: wazungu wabaguzi! Watu haohao, jioni, dalali wa Nkuhungu anawapigia kwamba kuna kijana anataka chumba, na swali lao la kwanza ni "kabila gani?", kabla hata ya kuuliza ana kazi gani. Mwalimu kwenye hotuba zake za miaka ya tisini alishauliza, hayo makabila tunaulizana ili tukatambike? Watu walicheka, wakaendelea.

"Lakini sote weusi, ubaguzi uko wapi?" Uko kwenye Katiba, ibara ya 13. Kabila na pahala mtu alipotokea vimetajwa humo pamoja na rangi, kwenye orodha moja. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inamkataza mwajiri kumbagua mtu kwa kabila au mahali anapotoka, na inamlinda hata anayeomba kazi, si aliyeajiriwa tu. Mwajiri anaweza kujitetea kwamba ni sifa ya lazima ya kazi. Haya, waje waeleze kaunta ya Dodoma ina ulazima gani wa kutosikika Kidodoma.

Sasa ninachohitaji kwenu. Kazi sikupata, na barua ya kunikataa haina sababu yoyote, ni "tunakutakia kila la heri". Yale ya lafudhi yalisemwa kwa mdomo, mbele ya watu watatu ambao wote wanalipwa na ofisi ile. Sheria inasema nikionyesha dalili za awali za ubaguzi, mwajiri ndiye mwenye kazi ya kuthibitisha vinginevyo. Kuna mtu humu amewahi kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi akiwa mwombaji wa kazi tu, bila mkataba? Walikubali maelezo ya mdomo, au walidai shahidi? Nijibuni hapa chini. Na atakayeandika "kwani wewe kabila gani kwanza", nimeshakutajia huko juu, rudi ukasome.