Nyumba ya Victor Hugo, Paris: nina siku moja tu, niende?

Mwalimu_Katuba
Jambo yenu wote. Mimi ni mwalimu wa Kifaransa hapa Lubumbashi, sekondari, komini ya Katuba. Mwezi ujao ninakwenda Paris kwa harusi ya mdogo wangu, na kabla ya ndege ya kurudi nimebakiwa na siku moja ya kwangu peke yangu, Jumatano.

Miaka kumi na minne sasa ninafundisha "Demain, dès l'aube", shairi la Victor Hugo, kwa fotokopi moja iliyofifia. Kila mwaka ni vilevile: watoto wanadhani yule msafiri anamfuata mchumba wake. Tukifika ubeti wa mwisho, kumbe anakwenda kaburini, darasa zima linanyamaza. Ninakipenda sana kimya kile.

Nasikia nyumba ya Hugo ya Place des Vosges ni makumbusho. Ila mwenzangu mmoja shuleni anasema vyombo vilivyomo si vya nyumba ile. Kama ni kweli, nitawaletea wanafunzi nini? Na kiingilio ni pesa ngapi? Tiketi na vikwembe vya harusi vimemaliza kila kitu.

Baba_Ruashi
Mwalimu, uende. Vyumba vyake kuingia ni bure, unalipa tu kama unataka maonyesho ya muda. Ni namba 6, ghorofa ya pili. Hugo alipanga pale tangu 1832 hadi 1848, wakati uwanja ule ukiitwa Place Royale.

Mwenzako hakukosea. Desemba 1851 Louis-Napoléon Bonaparte alipindua serikali, Hugo akakimbia nchi, na mwaka uliofuata vyombo vyake viliuzwa kwa mnada. Makumbusho yalifunguliwa 1903, yakakusanya vitu vya maisha yake yote. Chumba cha Kichina, sahani zimejaa ukutani, kimetoka kisiwa cha Guernsey: Hugo alikibuni mwenyewe kwa ajili ya nyumba ya mpenzi wake, Juliette Drouet. Chumba cha kulala nacho ni cha nyumba nyingine, ile aliyofia mwaka 1885. Humo utaona meza ndefu ya kuandikia mtu akiwa amesimama. Nilikaa mbele ya meza ile mpaka mke wangu akanivuta mkono.

Lakini wewe tafuta picha ya Léopoldine, binti wa Hugo. Amevaa gauni jekundu, kitabu cha sala mapajani. Alichorwa na Auguste de Châtillon mwaka 1835. Huyo ndiye wa kaburini. Alikulia katika vyumba vile. Aliolewa Februari 1843, na tarehe 4 Septemba mwaka uleule mtumbwi ukapinduka kwenye mto Seine, kule Villequier, akafa maji pamoja na mumewe, ana miaka 19. Baba yake alikuwa safarini. Habari aliisoma gazetini, ndani ya mkahawa, mji wa Rochefort. Kisha akarudi kuishi palepale miaka mitano mingine. Basi vyombo viliuzwa, sawa, lakini ukisimama dirishani unatazama bustani ileile aliyoitazama mzazi yule. Kwangu hiyo inatosha.

Dada_wa_Bukavu
Mimi niko Brussels, ni mtu wa Kadutu. Ningekuwa na siku mbili ningekwenda Villequier kwenyewe. Nyumba ya wakwe wa Léopoldine, ukingoni mwa mto, nayo ni makumbusho, na kaburi lake liko kando ya kanisa. Yeye na mumewe walizikwa katika jeneza moja. Mbele ya kaburi lile nililia, sioni haya kusema. Ila ni ng'ambo ya Rouen, bila gari ni taabu. Kwa siku moja, msikilize Baba Ruashi.

Kasapa_243
Shuka metro Saint-Paul au Bastille. Jumatatu wanafunga, kwa hiyo Jumatano yako ni sawa.

Mwalimu_Katuba
Aksanti sana. Ile ya gazeti sikuijua, miaka yote hii. Mimi pia nilisoma kifo cha baba yangu kwenye simu, kwa ujumbe wa mtu wa mbali, kabla ya nyumbani kunipigia. Mwaka huu nitawaambia watoto habari ya gazeti kwanza, ndipo tufungue shairi. Hapana, shairi kwanza. Kimya kile nisikiharibu.

Baba Ruashi, picha ya Léopoldine wanaruhusu kuipiga kwa simu?

Baba_Ruashi
Wanaruhusu, bila flashi. Nenda asubuhi saa nne wakifungua, utakuwa naye peke yako.