Shangazi amefika Nyanza: mazungumzo ya familia yetu ya Kigogo kwenye kundi la simu, Shangazi akituma picha kutoka Rwanda

Shangazi: Mbukwenyi nyote. Baba, shikamoo. Jana tulitoka Kigali tukashuka kusini hadi Nyanza, mji ambao wafalme wa Rwanda waliufanya makao yao ya kudumu tangu 1899, kwa sababu kabla ya hapo ikulu ilikuwa ikihamahama pamoja na watu wake. Nyumba ya kale ya mfalme wameijenga upya kwa miti, matete na nyasi, nayo ni ya mviringo. Ukiingia unaona giza kwanza, kisha taratibu inajitokeza mikeka yenye michoro myeusi na kitanda kilichoinuliwa.

Babu: Marahaba, mwanangu. Habari za nyasi nimezielewa, ingawa sisi watu wa tembe tulitandaza udongo juu ya paa tukapumzika. Sasa nieleze habari za ng'ombe.

Shangazi: Naja huko, Baba. Nyuma ya nyumba kubwa kuna vijumba viwili. Kimoja ni cha maziwa, na mtunzaji wake alikuwa msichana ambaye hajaolewa. Kingine ni cha pombe, na mtunzaji wake alikuwa kijana ambaye hajaoa. Vyombo vya maziwa vina vifuniko vilivyosukwa, vyenye ncha ndefu, na mwongozaji wetu alikishika kimoja kwa mikono miwili kana kwamba bado kimejaa.

Baba Mkubwa: Kijana akabidhiwe pombe peke yake, na mfalme aletewe chungu kizima? Nina mashaka.

Shangazi: Kaka, acha. Ng'ombe wenyewe wanaitwa Inyambo, na pembe zao ni ndefu mno hata unashangaa shingo inavyozibeba. Siku za sherehe walivishwa shanga kwenye paji la uso wakapitishwa mbele ya mfalme. Mchungaji huwaimbia kwa sauti ya chini, akiwasifu. Yule aliyesimama karibu nami aliacha kucheua, akageuza kichwa polepole kuifuata sauti, na pembe ikapita shubiri moja tu kutoka kwenye mkoba wangu.

Mimi: Shikamoo, Shangazi. Lile jumba la saruji kwenye picha ya tatu ni la nani?

Shangazi: Marahaba, mama. Ni la Mutara wa Tatu Rudahigwa, ambaye Wabelgiji walimtawaza 1931 baada ya kumwondoa baba yake, Yuhi wa Tano Musinga, aliyekataa kubatizwa. Mwana alibatizwa 1943. Baadaye alijengewa ikulu nyingine kwenye kilima cha Rwesero, lakini alifariki Julai 1959 kabla hajahamia. Amezikwa Mwima, hapo hapo Nyanza, pamoja na mkewe Rosalie Gicanda, aliyeuawa katika mauaji ya 1994.

Baba Mkubwa: Uchifu wa huku kwetu Tanganyika ulifutwa kisheria 1963, na wanangu wakiniuliza Mtemi Mazengo wa Mvumi, mtawala wetu Wagogo, aliishije, nina maneno tu ya kuwapa, sina hata kibuyu cha kuwaonyesha.

Babu: Kibuyu cha mama yenu kipo, nimekitundika ghalani, njoo ukichukue. Na wewe binti, nitumie sauti tu ya huyo mchungaji, kwa maana simu yangu haifungui video. Nataka kusikia anaanzaje kumwita ng'ombe.