Tupeane uzoefu: wenye gari za dizeli Tabora, filta ya ekzosi iliwahi kukutesa?

Mleta mada, Ipuli
Wakuu, naanza mimi. Nasemea ile filta inayonasa masizi ya moshi kwenye ekzosi. Ruti zangu ni nyumbani, sokoni, shule ya watoto, narudi. Ikawaka taa ya filta, nikapuuza. Wiki iliyofuata ikawaka ya injini, gari ikakosa nguvu kabisa. Fundi akachomeka mashine, ikatoa namba ya hitilafu P2453, inayohusu usomaji wa presha ya filta. Papo hapo akasema filta imekufa, akataja bei ya kununua bodaboda na chenji ikabaki. Nilishaanza kutafuta wa kumkopa.

Fundi wa pili, kijana mdogo tu, hakufungua hata nati. Aliwasha swichi bila kuwasha injini, akasoma presha ya filta. Injini imezima, hakuna moshi unaopita, kwa hiyo presha ya kabla na baada ya filta inatakiwa ilingane, isome sifuri au karibu na hapo. Yangu ilisoma juu kama niko mlimani na mzigo! "Kaka, sensa inakudanganya." Tukabadilisha sensa, tukaelekea barabara ya Nzega, mwendo wa 80 bila kusimama simama, kama nusu saa, filta ipate joto iunguze masizi. Taa hazijarudi mpaka leo.

Dada wa Urambo
Kwangu sensa ilikuwa nzima. Ina mipira miwili midogo inayotoka kwenye ekzosi, mmoja ulikuwa umepasuka kwa chini, huoni mpaka uupinde. Fundi akaweka kipande cha mpira wa mafuta. Wiki mbili hazikuisha, umeyeyuka. Unatakiwa ule unaohimili joto. Na msiigeuze, wa mbele ukae mbele.

Fundi wa Cheyo
Mabosi, vuteni na stiki ya oili. Ili filta iunguze masizi inahitaji joto la karibu nyuzi 600, na gari nyingi hulipata kwa kuongeza dizeli kwenye silinda. Ukizima gari katikati ya kuunguza, dizeli nyingine inashukia kwenye oili. Oili ikipanda badala ya kupungua, na inanuka dizeli, imwage. Oili unayoweka iwe ile inayoacha majivu machache ikiungua, kitabu cha gari kinataja. Majivu hayaungui, yakijaa ni kushusha filta na kuiosha. Na kama tabo (turbo, ya kusukuma hewa kwenye injini) inavujisha oili au nozo ya dizeli inachuruzika, utaosha kila mwezi.

Wa Sikonge
Mimi niliambiwa nitoboe filta moshi upite tu, nikatoboa. Raha ya siku chache. Kompyuta bado inatafuta presha haioni, taa haizimi, na nikipanda kilima wa nyuma yangu anafunga vioo. Sasa natafuta filta ya kurudisha.

Mleta mada, Ipuli
Pole sana mkuu. Dada wa Urambo, huo mpira wa joto uliupata hapa hapa au uliagiza? Nimeinama leo chini ya gari, wangu wa mbele umeanza kukakamaa.