Kuweka vitabu kwa maktaba ya kidijitali ya wasioona: lazima niombe ruhusa kila kitabu?

Mwalimu wa Buruburu
Habarini wadau. Tuko watu wanne tunajitolea kwa kituo kimoja hapa Nairobi cha wanafunzi wasioona. Tunaskani vitabu, tunapitisha kwa programu ya kutambua maandishi, halafu tunakaa kurekebisha ukurasa kwa ukurasa, maanake hiyo programu Kiswahili haikijui, "ng'ombe" inakuja "ng ombe", neno likikatwa mwisho wa mstari linabaki vipande viwili na kisoma skrini (programu inayowasomea wasioona kwa sauti) kinalisoma hivyo hivyo. Riwaya moja ilitumaliza wiki tatu. Sasa juzi nikampigia pablisha mmoja nimuulize kama ana faili, akaniwakia, akasema hatuna tofauti na wale wa fotokopi za River Road na nitegemee barua ya wakili. Nimesimamisha kila kitu. Lakini kuna msichana wa Form 3 anasubiri hiyo setibuku, wenzake washaimaliza, yeye anasomewa na rafiki yake usiku baada ya prepu, sura moja moja. Naomba kujua, ruhusa ni lazima? Na kama mwandishi alishafariki? Na mwandishi akikubali mwenyewe kwa simu inatosha?

Karani Ngara
Pole sana mwalimu. Hapo pablisha amekosea. Kuna Mkataba wa Marrakesh wa 2013, wa kimataifa, wa kurahisishia wasioona kupata vitabu, Kenya iliingia 2017, na sheria yetu ya hakimiliki ya 2001 iliporekebishwa 2019 ikaingiza kipengele cha wasioona na wengine wasioweza kusoma maandishi ya kawaida. Kituo kinachowahudumia bila kutafuta faida kinaweza kutengeneza nakala ya breili, ya sauti au ya EPUB (faili ya kitabu cha kidijitali) bila kumwomba mwenye haki. Ila muwe mmepata kitabu kwa njia halali (nunueni hata kopi moja na mweke risiti), msibadilishe kitu zaidi ya kile kinachohitajika ndio kisomeke, na nakala iende kwa walengwa peke yao. Hao walengwa si wasioona tu, hata mwenye disleksia, yaani anayetatizika kusoma maneno, yumo, hata mtu ambaye mikono yake haiwezi kushika kitabu. Na huyo msichana wako, mkataba unamruhusu yeye au anayemsaidia kumtengenezea nakala yake binafsi. Kwa maswali ya kituo chenyewe nendeni KECOBO, ndio bodi inayosimamia hakimiliki, msiogope kuuliza.

Mhariri Mstaafu
Mimi nimekaa miaka mingi upande ule mwingine, nikueleze kile pablisha anaogopa. Faili ikitoka tu kwa mikono yenu ikaingia grupu ya WhatsApp ya darasa zima, hao wanafunzi wote wanaoona hawanunui tena, na mwandishi ambaye analipwa asilimia kidogo ya kila kopi ndiye analala njaa. Kwa hivyo kila msomaji aingie kwa akaunti yake, mwandike jina lake ndani ya faili, na mwalimu wa darasa asipewe ati awagawie. Mkishafanya hivyo mrudieni pablisha kwa barua ya kituo, si simu, mwombe ile faili ya mwisho iliyoenda kwa mashine. Hamlazimiki, lakini akikubali zile wiki tatu zinakuwa siku moja.

Kuhusu mwandishi kukubali kwa simu, hapana. Wengi walishasaini mkataba wa kumpa pablisha haki hizo, kwa hivyo anakuruhusu kitu ambacho hana. Muulize kwanza mkataba wake unasema nini, halafu aandike.

Msomaji wa Thika Road
Mimi sioni tangu utotoni na nashukuru mwalimu kwa hiyo kazi, kweli. Nijibu ya waliofariki. Hapa Kenya haki inadumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. Shaaban Robert alifariki 1962, kwa hivyo vitabu alivyochapisha akiwa hai, kwa hesabu ya Kenya, viko huru tangu 2013, hivyo unaweza kumpa mtu yeyote anayeona au asiyeona. Lakini angalia toleo ulilonalo, dibaji ya mtu mwingine, michoro, maelezo ya mhariri, hayo yana haki zake, na tafsiri nayo ina haki ya mtafsiri. Tena mkiweka kwa seva ya Marekani mjue kule vitabu vingi vya zamani huhesabiwa kutoka mwaka wa kuchapishwa, hadi miaka 95, sio kifo. Wekeni rafu mbili, ya wazi na ya kufungwa, na mkiwa na shaka kitabu kiende kwa ya kufungwa.

Na ule Mkataba wa Marrakesh unaruhusu vituo vya nchi mbili kubadilishana nakala. Kabla hamjaskani ulizeni Bookshare, maktaba ya mtandaoni ya wasioweza kusoma maandishi ya kawaida, na wengine kama kiko tayari, mimi vitabu vyangu vya chuo nilivipata hivyo.

Mwalimu wa Buruburu
Asanteni sana, mmenitoa mzigo. Risiti tunazo zote isipokuwa ya kitabu cha historia, tuliazimwa na mtu, hicho tutanunua kopi kabla hakijaingia. Akaunti za wasomaji ndio hatukuwa nazo, tulikuwa tunatuma kwa imeili tu, hiyo tunaacha leo. Karani, kwa KECOBO niende na katibu wa kituo ama barua inatosha? Riwaya ya msichana imebaki sura mbili kurekebisha, namalizia usiku huu.